Hofu, Aibu na Sindano: Kinachotufanya Tujikinge au Tusijikinge

Kampeni nyingi za afya hujengwa juu ya dhana moja, kwamba mtu asiyejikinga ni mtu asiyejua. Kwa hiyo hubandikwa mabango, hutolewa mihadhara na kugawiwa vipeperushi, na baada ya miezi kadhaa wahusika hushangaa kuona kwamba wale wale waliovisoma vipeperushi hivyo wangali wanavuta sigara, hawajaenda kupima presha, na tarehe ya chanjo ya watoto wao imepita. Nimelifuatilia suala hili kwa muda mrefu, kwa kusoma tafiti na kwa kuwasikiliza watu wanaosubiri zamu yao kliniki, na rai yangu ni kwamba kutojua kunalaumiwa kupita kiasi. Wapo madaktari wanaovuta sigara, na wapo wauguzi wanaoahirisha vipimo wanavyowahimiza wagonjwa wao kuvifanya, na hakuna anayeweza kudai kwamba hao wamekosa elimu. Kinachoamua, mara nyingi, ni hisia. Tena si hofu ya ugonjwa peke yake, bali ni mvutano baina ya hisia tulizonazo kuhusu ugonjwa ambao haujafika na hisia tulizonazo kuhusu kinga ambayo inatungoja leo.

Mvutano huo hauko sawa tangu mwanzo. Chukua shinikizo la juu la damu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima wapatao bilioni 1.28, wa umri wa miaka 30 hadi 79, wanaishi na hali hiyo, na kwamba karibu nusu yao hawajui. Hawajui kwa sababu haiumi. Mtu mwenye presha ya juu anaweza kulala vizuri, kula vizuri na kupanda ngazi bila kuhema, huku mishipa yake ikizidi kuharibika. Hana dalili ya kumtia wasiwasi, na kwa hiyo hana msukumo. Kipimo chenyewe, kwa upande wake, kimejaa hisia: kusubiri, kufungwa mkanda unaobana mkono hadi vidole vianze kufa ganzi, kumtazama muuguzi usoni wakati anasoma namba na kujaribu kukisia anachofikiri. Wengine huingiwa na hofu kiasi kwamba presha yao hupanda kwa sababu tu wako mbele ya mhudumu, jambo linalofahamika vyema kwa madaktari, na ndiyo maana watu kama hao hushauriwa kujipima nyumbani pia. Ugonjwa hauhisiwi, kinga inahisiwa, na mwili hukimbia kile unachokihisi.

Mwaka 2001, George Loewenstein, mtafiti wa namna watu wanavyofanya maamuzi, na wenzake walieleza kwa kina kwamba hesabu ya hatari tunayoipiga kichwani na hisia ya hatari tunayoipata mwilini ni mambo mawili, na kwamba pale yanapotofautiana, mara nyingi hisia ndiyo inayoshika usukani. Mtu anaweza kukubali kwa dhati kwamba moyo wake umo hatarini kuliko ndege anayosafiria, kisha akatetemeka ndani ya ndege na kula chumvi bila wasiwasi.

Kwa kuwa ugonjwa hauhisiwi, wazo la kwanza linalowajia wengi ni kuufanya uhisiwe, yaani kutisha. Wazo hilo lilijaribiwa mapema. Mwaka 1953, wanasaikolojia Irving Janis na Seymour Feshbach waliwasomea wanafunzi wa sekondari nchini Marekani mihadhara kuhusu usafi wa meno. Kundi moja lilipewa maelezo ya upole, jingine ya kutisha kiasi, na la tatu likaonyeshwa picha za meno yaliyooza na fizi zenye magonjwa, pamoja na maonyo kwamba uzembe unaweza kuleta madhara makubwa mwilini. Waliotishwa sana walikiri kwamba wameingiwa na wasiwasi kuliko wenzao, lakini wiki moja baadaye ni asilimia 8 tu kati yao waliokuwa wamebadilisha desturi zao kama walivyoshauriwa, ukilinganisha na asilimia 36 ya kundi lililozungumziwa kwa upole. Matokeo hayo yalinukuliwa mno, hata ikawa kama sheria kwamba vitisho havifai.

Sheria hiyo haikusimama. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2015, uliokusanya tafiti za miongo kadhaa na washiriki zaidi ya 27,000, ulionyesha kwamba kwa jumla ujumbe wa kutisha huwasukuma watu kuelekea kwenye hatua inayopendekezwa, hasa ujumbe huo unapoeleza pia kwamba hatua hiyo inafaa na inawezekana. Kwa hiyo la kuuliza ni hofu inaelekezwa wapi. Jaribio lililolionyesha hilo kwa uwazi kuliko yote niliyoyasoma ni la Howard Leventhal na wenzake, lililofanyika katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1965, na inafaa kulitazama polepole.

Wanafunzi wa mwaka wa mwisho walipewa vijitabu kuhusu pepopunda. Vingine vilikuwa vya kutisha, vyenye picha za rangi za mgonjwa na maelezo makali ya namna misuli inavyokakamaa. Vingine vilieleza mambo yale yale kwa utulivu. Wote waliambiwa kwamba chanjo ipo, haina malipo, na inapatikana katika kituo cha afya cha chuo. Walipoulizwa, waliosoma vijitabu vya kutisha walikuwa na hofu zaidi na walisema wana nia kubwa zaidi ya kuchanjwa. Lakini walipofuatiliwa, kiasi cha hofu hakikuleta tofauti yoyote ya maana katika idadi ya waliokwenda. Kilicholeta tofauti ni karatasi nyingine: baadhi yao walipewa ramani ya chuo yenye alama kwenye jengo la kituo cha afya, na kuombwa waiangalie ratiba yao ya wiki ili wachague saa ya kupitia pale. Miongoni mwa waliopewa ramani, karibu 28 kati ya 100 walichanjwa. Miongoni mwa wasiopewa, walikuwa takriban 3 kati ya 100. Hebu fikiria: hawa walikuwa wamekaa chuoni kwa miaka, na jengo lile walilijua bila shaka yoyote. Ramani haikuwapa elimu mpya. Iliichukua hofu ambayo ilikuwa inaelea na kuielekeza kwenye mlango fulani, siku fulani. Na jambo ambalo watu husahau kulitaja ni kwamba wanafunzi waliopewa ramani bila kijitabu chochote cha kuamsha hofu hawakwenda hata mmoja. Hofu peke yake iliwaacha wamekaa, na ramani peke yake iliwaacha wamekaa vilevile.

Karibu nusu karne baadaye, Katherine Milkman na wenzake walifanya jambo linalofanana na hilo bila vitisho vyovyote. Wafanyakazi wa kampuni moja nchini Marekani walitumiwa barua kuhusu chanjo ya mafua iliyokuwa ikitolewa kazini kwao. Walioombwa kuandika tarehe na saa watakayokwenda walichanjwa kwa asilimia 37.1, dhidi ya asilimia 33.1 ya waliotumiwa taarifa ya kawaida. Si tofauti kubwa, lakini ni ya bei nafuu mno: nafasi mbili tupu kwenye karatasi.

Mtafiti Kim Witte alijaribu mwaka 1992 kueleza kwa nini hofu ile ile humpeleka mmoja kliniki na kumfanya mwingine abadilishe mazungumzo. Kwa maelezo yake, mtu aliyeshtushwa hujiuliza, hata bila kujua kwamba anajiuliza, kama kuna jambo analoliweza. Akiona lipo, hupambana na hatari. Akiona halipo, hupambana na hofu yenyewe, na silaha za vita hivyo tunazijua: kukana, kufanya mzaha, kusema madaktari wanatia chumvi, kuzima redio. Kumwambia mvutaji wa miaka mingi kwamba mapafu yake yanaoza, bila kumwonyesha njia ya kuacha anayoamini kwamba ataiweza, ni kumkabidhi mzigo ambao njia pekee ya kuutua ni kutokusikiliza.

Isitoshe, tunachokiita hofu si kitu kimoja. Watafiti wa Uingereza waliochunguza mahudhurio ya uchunguzi wa saratani ya utumbo mpana waligundua kwamba watu waliokuwa na wasiwasi kwamba huenda wakaugua saratani walikuwa na nia kubwa zaidi ya kuchunguzwa, ilhali wale ambao wazo lenyewe la saratani liliwakosesha raha walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kujitokeza. Wa kwanza anauogopa ugonjwa, wa pili anaiogopa habari. Mjomba wangu mmoja, mtu aliyesoma na anayefuatilia mambo ya dunia kuliko mimi, alikuwa wa aina hiyo ya pili. Alikwisha kufika umri ambao madaktari humshauri mwanamume azungumzie uchunguzi wa tezi dume, na kila nilipoligusa suala hilo aliligeuza kuwa kichekesho. Siku moja nilimwuliza bila kuzunguka, "Mjomba, kwa nini usiende tu ukajua?" Akanijibu, "Mpwa wangu, wahenga walisema mtafutaji hachoki, na akichoka keshapata. Mimi sitaki kupata, ndiyo maana sitafuti." Tulicheka sote, na kwa kweli sikuwa na jibu. Hatimaye alikwenda, wala si kwa sababu ya takwimu nilizomsomea. Rafiki yake wa zamani alimweleza kwamba kwa kawaida wanaanza na damu inayotolewa mkononi. Kumbe kilichomzuia muda wote ule, pamoja na kuogopa habari mbaya, kilikuwa ni taswira ya kidole cha daktari, ambayo hakuwahi kuitaja mbele yangu hata mara moja.

Aibu ndiyo hisia ninayoona inapewa uzito mdogo kuliko inavyostahili, labda kwa sababu mwenye nayo hawezi kuitaja bila kuizidisha. Mwanamke anayekwepa uchunguzi wa shingo ya kizazi atakwambia kwamba hana muda. Kijana anayekwepa kipimo cha virusi vya Ukimwi atakwambia kwamba anajiamini. Sababu hizo zinakubalika mbele za watu, na mhudumu asiyekuwa mwangalifu atazijibu kama zilivyo, akampa wa kwanza ratiba ndefu zaidi ya kliniki na wa pili hotuba kuhusu maambukizi, huku aibu ikibaki pale pale bila kuguswa. Kampeni za Ukimwi zenyewe zilichangia. Mwaka 1987 Australia ilirusha tangazo la televisheni lililoonyesha kifo, katika umbo la mtu wa mifupa, kikiangusha familia kama pini za mchezo wa boulingi. Tangazo lilizungumzwa nchi nzima, lakini watu waliokuwa wakiishi na virusi walijikuta wakitazamwa wao kama ndio kifo. Ukishawafanya watu wakiogope kipimo kwa sababu ya jinsi watakavyotazamwa, hofu ya ugonjwa haitoshi tena kuwavusha.

Kinyaa nacho hufanya kazi pande zote mbili. Val Curtis, aliyekuwa London School of Hygiene and Tropical Medicine, alitumia miaka mingi akionyesha kwamba kinyaa ni kinga ya asili, na kwamba watu hunawa mikono kwa sabuni zaidi wanapohisi uchafu kuliko wanapoelezwa habari za vijidudu. Lakini kinyaa hicho hicho humzuia mtu kuchukua sampuli ya choo chake mwenyewe na kuituma maabara ili ichunguzwe dalili za saratani ya utumbo mpana. Uingereza ilitumia kwa miaka kipimo kilichomtaka mtu apake choo kwenye kadi, mara mbili kwa kila choo, kwa siku tatu tofauti. Walipojaribu kipimo kipya kinachohitaji sampuli moja tu, inayochovywa kwa kijiti na kufungwa ndani ya kichupa, ushiriki uliongezeka kwa takriban pointi 7 za asilimia, na kipimo hicho kikaanza kutumika rasmi nchini England mwaka 2019. Hakuna aliyeelimishwa upya kuhusu saratani. Kilichopunguzwa ni dakika za kinyaa.

Kuna hisia moja zaidi inayozuia kinga ambayo wagonjwa hawana habari nayo, kwa kuwa ni ya wataalamu. Mwaka 1847, katika Hospitali Kuu ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliagiza madaktari na wanafunzi wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wazazi, kwani alikuwa ametambua kwamba wanatoka kupasua maiti na kuingia moja kwa moja wodini. Vifo vya homa ya uzazi, ambavyo mwezi Aprili wa mwaka huo vilikuwa takriban asilimia 18 ya wazazi katika kitengo chake, vilishuka hadi karibu asilimia 2 katika miezi iliyofuata. Hata hivyo wenzake wengi walimpinga kwa miaka. Ni rahisi kuwaita wakaidi, lakini tazama walichokuwa wanatakiwa kukubali: kunawa kulikuwa ni kukiri kwamba mikono yao ndiyo iliyokuwa ikiua, na kwamba imeua kwa muda wote wa kazi yao. Gustav Adolf Michaelis, daktari wa mji wa Kiel, katika Ujerumani ya leo, aliyekubali hoja hiyo, alielemewa na hatia kwa ajili ya ndugu yake mwanamke aliyefariki baada ya kuhudumiwa naye, na mwaka 1848 akajiua. Kila mara ninaposikia mzazi akikataa kusikiliza ushauri kuhusu moshi wa sigara na watoto, humkumbuka Michaelis. Kukubali kujikinga leo mara nyingine kunadai ukiri kuhusu jana, na anayetoa ushauri bila kumwachia mtu njia ya kukubali pasipo kujihukumu anamfungia mlango.

Tofauti na hatia, ambayo hutazama nyuma, majuto yanaweza kutumika kabla hayajafika, ingawa methali yetu inasema majuto ni mjukuu. Gretchen Chapman na Elliot Coups waliwafuatilia wafanyakazi wa chuo kikuu kuhusu chanjo ya mafua, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, wakakuta kwamba majuto ambayo mtu anatazamia kuyapata, pamoja na wasiwasi, yalibashiri vizuri zaidi nani angechanjwa kuliko makadirio yake ya uwezekano wa kuugua. Swali lenye nguvu, basi, ni utajisikiaje ukiugua na hukuchanjwa, wala si una uwezekano gani wa kuugua.

Tatizo ni kwamba majuto yana upande wake. Ilana Ritov na Jonathan Baron waliwapa watu, mwaka 1990, mfano wa kubuni wa ugonjwa unaoua watoto 10 kati ya 10,000, na chanjo ambayo yenyewe inaweza kuua watoto wachache kuliko hao. Wengi waliikataa chanjo hata pale ilipookoa maisha zaidi, kwa kuwa kifo kinachotokana na kitendo chako kinaonekana kizito kuliko kifo kinachotokana na kutotenda. Benjamin Franklin, mwanasiasa na mwanasayansi wa Marekani wa karne ya 18, aliyapitia hayo katika nyumba yake. Alikuwa mtetezi wa kupandikiza ndui, yaani kumwambukiza mtu ndui kwa makusudi ili apate kinga, njia iliyotangulia chanjo, ambayo iliua takriban 2 kati ya 100 waliopandikizwa huku ndui ya kawaida ikiua 14 kati ya 100 katika mlipuko wa Boston wa mwaka 1721. Mwanawe Francis hakupandikizwa, na ndui ikamwua mwaka 1736 akiwa na umri wa miaka minne. Katika maandishi ya maisha yake Franklin alisema kwamba alijuta kwa uchungu kwa muda mrefu, kisha akawaambia wazazi wanaoacha kwa kuogopa kutojisamehe mtoto akifa kwa kupandikizwa: majuto yanaweza kuwa sawa kwa njia zote mbili, kwa hiyo ichaguliwe njia iliyo salama zaidi. Sijasoma ushauri wa chanjo ulio mzuri kuliko huo. Haumkebehi mzazi kwa kuogopa. Unamkumbusha tu kwamba kutotenda nako kuna bili yake.

Japani iliilipa bili hiyo kama nchi. Mwaka 1974, karibu asilimia 80 ya watoto walikuwa wakipata chanjo ya kifaduro, na mwaka huo waliripotiwa wagonjwa 393 bila kifo hata kimoja. Kisha habari za watoto wachanga wawili waliofariki muda mfupi baada ya kuchanjwa zikaenea, wazazi wakashtuka, na kufikia mwaka 1976 waliochanjwa walikuwa takriban asilimia 10. Mwaka 1979 kifaduro kiliwapata watu zaidi ya 13,000 na kuwaua 41. Wazazi wale hawakuwa wapumbavu: hawakuwa wamemwona mtoto akikohoa hadi anabadilika rangi, lakini walikuwa wamesikia habari za watoto wawili. Chanjo iliyofanya kazi vizuri ilikuwa imeondoa hofu ya ugonjwa, na nafasi iliyoachwa wazi ikajazwa na hofu ya chanjo.

Katika mazingira kama hayo, karipio haliponyi. Jennifer Lerner na wenzake walionyesha, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 nchini Marekani, kwamba watu waliofanywa kuwa na hasira waliona hatari kuwa ndogo kuliko waliofanywa kuwa na hofu. Mhudumu anayemfokea mzazi aliyesita anaipandisha hasira yake, na mtu mwenye hasira ni mtu anayejiona salama.

Yote haya yananifanya niamini kwamba juhudi zinazotumika kuongeza hofu ya ugonjwa zingelipa zaidi zikitumika kupunguza karaha ya kinga. Chukua sindano. Wapo watu ambao wakiona sindano au damu, mapigo ya moyo hupanda kidogo kisha presha huanguka ghafla, na wanazimia. Mtu aliyewahi kuzimia mbele ya foleni hatarudi upesi, hata akisoma vipeperushi mia. Lakini mwaka 1987 Lars-Göran Öst wa Sweden, pamoja na mwenzake, alieleza mbinu ya kukaza misuli ambayo haihitaji dawa wala kifaa. Unaketi, unakaza mikono, mapaja na kiwiliwili kwa sekunde 10 hadi 15, hadi uso uanze kupata joto, kisha unalegea kwa sekunde 20 au 30 bila kulegea kabisa, halafu unarudia mara kadhaa. Presha inapanda kidogo na mtu habaki na kizunguzungu. Mkono utakaochomwa ndio pekee unaoachwa mlegevu. Nimemwona binti mmoja akifanya hivyo kwenye kiti cha kliniki, macho ameyafumba, mapaja yamekaza, huku muuguzi akimhesabia taratibu, na sindano ikaingia na kutoka kabla hajafikia kulegea kwa mara ya tatu. Alifumbua macho akauliza kama bado.

Kumbukumbu ya kipimo nayo inaweza kutengenezwa. Donald Redelmeier, Joel Katz na Daniel Kahneman waliwachunguza wagonjwa 682 waliofanyiwa uchunguzi wa utumbo mpana kwa kamera, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003. Kwa nusu yao, kamera iliachwa imetulia kwa muda mfupi mwishoni kabla ya kutolewa, hivyo uchunguzi ukawa mrefu zaidi lakini ukaisha kwa maumivu madogo. Hao walikumbuka tukio zima kuwa si baya sana, na walirudi kwa uchunguzi wa baadaye kwa kiwango kikubwa kidogo kuliko wenzao. Kwa ajili ya kinga inayorudiwa, namna mtu anavyoagwa mlangoni ni sehemu ya tiba.

Lakini hisia zinazoamshwa kwa kishindo hazikai. Mwaka 2009 Jade Goody, nyota wa televisheni wa Uingereza, alifariki kwa saratani ya shingo ya kizazi akiwa na umri wa miaka 27, na baina ya katikati ya mwaka 2008 na katikati ya 2009 wanawake zaidi ya 400,000 juu ya kiwango cha kawaida walijitokeza kuchunguzwa nchini England. Kisha wimbi likapungua. Huzuni ya taifa haiwezi kuwa ratiba ya kliniki.

Ndiyo maana ninavutiwa zaidi na kinga zilizokwisha kuacha kuhitaji hisia kali. Mikanda ya usalama ndani ya magari ilipofanywa kuwa lazima kwa madereva na abiria wa mbele nchini Uingereza, mwezi Januari 1983, ilikuwa baada ya miaka ya mabishano makali bungeni, na wapo waliosema kwamba ni uonevu, kwamba inabana, kwamba itawanasa watu ndani ya magari yanayoungua. Jimbo la Victoria nchini Australia lilikuwa limetangulia kwa sheria ya namna hiyo mwaka 1970. Madereva hawakuanza kuufunga kwa sababu walikuwa wameanza kuogopa ajali zaidi. Walianza kwa sababu ya sheria, na sheria ikawa mazoea. Leo dereva aliyezoea mkanda akisahau kuufunga huhisi kitu kimepungua mwilini kabla hata gari halijaanza kulia, mkono wake huenda begani wenyewe, na usumbufu uliokuwa hoja ya kuukataa sasa unampata pale anapokuwa hajaufunga.